Wamekwama Ziwani, na Simu Inaita

SWALI: Sisi ni kundi la waigizaji hapa Kisumu. Tunaandika tamthilia ya marafiki watano wanaotoka ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, kwa mashua jioni kusherehekea siku ya kuzaliwa. Gugumaji, mmea unaoelea na kutanda juu ya maji kama zulia, linawafunga ziwani, na kabla hakujapambazuka mmoja amekufa. Tunataka watu wacheke huku wakiogopa. Tukiwasomea wenzetu wanatukatiza: si wapige simu? Si waogelee? Tena kila kichekesho kinaua hofu. Tufanyeje?

JIBU: Waacheni wapige simu. Mkaazi wa Kisumu anajua Dunga kuna mtandao, kwa hivyo mkidai umepotea, naye mmempoteza. Boti ya uokoaji ije, taa yake ionekane kwa mbali, kisha nayo ikwame. Hilo hutokea kweli: mizizi na mashina hujisokota kwenye propela, na tundu la kunyonyea maji ya kupoza injini likiziba, injini huchemka. Kupokelewa simu na usifikiwe kunatisha kuliko kukosa mtandao. Isitoshe, ndani ya mashua hakuna pembe ya kunong'onea. Mmoja akimwambia mkewe yuko kwenye matatu Ahero, wanne wanamsikia. Mpeni kila mtu kiasi chake cha chaji tangu mwanzo, na mtazamaji akijue.

Kama hamtaki simu kabisa, pelekeni kisa 1998. Gugumaji lilikuwa limetapakaa sana kwenye Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo Kisumu, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwa wananchi wa kawaida.

Kuogelea kunajibika kwa sentensi mbili za mhusika. Zulia hilo halibebi mtu, na mizizi inayoning'inia chini yake hushika miguu. Kiboko naye yumo, wala si lazima aonekane. Mguno mmoja gizani unatosha.

Saa ya tamthilia yenu ni upepo. Alasiri huvuma kutoka ziwani na kusukuma gugumaji kuelekea ufuoni. Usiku wa manane hadi asubuhi huvuma kutoka nchi kavu na kulirudisha. Basi wafungwe saa kumi na moja jioni, na mzee wa beach, kiongozi wa wavuvi ufuoni, aliye kwenye simu awaambie watulie, upepo ukigeuka njia itafunguka. Sasa wana sababu ya kungoja, na mtazamaji ana kitu cha kuhesabu.

Kuhusu vicheko kuua hofu: kichekesho chenu kinakaa mdomoni, ndiyo maana kinalegeza kamba. Kitoeni mdomoni mkitie kwenye mashua. Mashua nyembamba ya mbao haimruhusu mtu kununa na kwenda zake. Wawili wakisogeleana kunong'ona, inalalia upande wao na watatu wanalazimika kuhamia upande wa pili, hata kama wamekasirika. Fanyeni mazoezi ya mwendo huo peke yake, bila maneno, hadi miili izoee. Na mbao zinavuja: mtu mmoja lazima akumbe maji kwa dumu lililokatwa, kwa zamu, hata katikati ya kulia. Ugomvi wa zamu ya nani utachekesha bila mtu kutia mzaha. Muwakataze waigizaji wasijaribu kuchekesha. Mhusika anayepigania dumu awe anapigania dumu kweli.

Kifo nacho kitoke humo humo. Karibu na ufuo maji si ya kina kirefu, na upondo wa mita 4 hivi hufika topeni. Dakika ya kumi, mmoja asukume kwa upondo, unase kwenye tope, mashua iteleze, auachilie kwa kuchelewa kidogo na nusura adondoke. Wote wacheke, na ukumbi ucheke nao. Karibu na alfajiri nahodha wao, ambaye hajalala, arudie kitendo kile kile, safari hii upepo umegeuka na mashua imefunguka ghafla. Mkono unang'ang'ania mti, miguu inafuata mashua. Watu wataanza kucheka kwa mazoea. Kisha gugumaji lijifunge pale alipoangukia, na waigizaji wanyamaze kwa pumzi kumi kamili. Mkiwahi kusema lolote kabla ya hapo, mmejiharibia.

Jukwaani msitumie gugumaji halisi. Likitolewa majini hunyauka chini ya taa na kuanza kunuka. Tandazeni nyavu kuukuu, mzifumie vipande vya magunia mlivyopaka rangi ya kijani. Mkiigizia filamu ziwani, kila mmoja avae jaketi ya kujiokolea mpaka kamera iwe tayari, na boti ya pili isubiri kwenye maji yaliyo wazi.

SWALI: Mimi niko Nakuru. Naweza kuwafungia marafiki wa hadithi yangu ndani ya kreta ya Menengai?

JIBU: Ni vigumu. Kuna barabara inayoshuka hadi visima vya mvuke, na wasomaji wa Nakuru watauliza kwa nini wasiifuate. Wafungie kwenye ploti: ghorofa ya tatu, madirisha yote yana grili, na mlango wa chuma una kufuli kwa nje kwa sababu mwenye nyumba anadai kodi. Hapo hakuna atakayekuuliza kwa nini hawakutoka. Ila amua mapema ufunguo uko kwa nani, na umwonyeshe msomaji mtu huyo akiutia mfukoni katika ukurasa wa kwanza.