Saintpaulia rupicola: usiipandishe kwenye mawe ya juani

Mleta uzi, hayo mawe usiyaguse kwanza. Umesema muuza miche amekuuzia saintpaulia, lile ua dogo ambalo wengi wanaliita African violet, yenye kibandiko cha "rupicola", akakwambia maana yake ni ua la mawe, na sasa unataka kuipanda juu ya matumbawe uliyoyarundika mbele ya nyumba yako Mtwapa, upande unaopigwa na jua la alasiri. Umeuliza pia mbolea gani uweke, kama bei uliyolipa ni ya haki, na kama itachanua mwaka mzima. Ukiipandisha hapo itakufa kabla hujahitaji hiyo mbolea.

Rupicola ni Kilatini. Rupes ni jabali, ule ukuta wa mwamba uliosimama. Hiyo -cola ya mwisho ni mkaaji. Basi ni mkaa majabalini. Jina hilo lilitolewa mwaka 1964 na Brian Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh, kwa sababu mmea wenyewe unaota kwenye majabali ya chokaa huku kwetu Kilifi, upande wa Kaloleni. Jina limetaja makao yake, jua halikulitaja kabisa. Popo naye ni mkaa mwambani, na sijaona mtu akimtoa pangoni akamwanika juu ya mabati.

Hapo ndipo wauzaji wanapotuumiza. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe, neno kwa neno: "Hili ni ua la mawe, halitaki udongo mwingi, halitaki kivuli, wewe libanike tu kwenye jiwe." Niliagiza lori la matumbawe, nikamlipa fundi ayapange vizuri, nikanunua miche ya kujaza mianya yote. Juma la kwanza majani yalianza kupauka yakawa na rangi ya ndizi mbivu. Yakafuata madoa ya kahawia pembeni, kisha katikati ya mche pakalainika pakaoza. Nilipomrudia yule muuzaji akanambia nimezidisha maji. Nikapunguza maji, miche iliyobaki ikakauka. Nilipomrudia tena akanambia nimepunguza mno, na papo hapo akataka kuniuzia mingine. Mtu anayeuza mmea kila siku ana wajibu wa kujua unakoishi. Kama hajui, aseme hajui, asitunge maelezo kutokana na neno moja la kwenye kibandiko.

Nilielewa kilichoiua siku nilipopelekwa na mwenyeji mmoja kuiona kwao, huko bara ya Kilifi. Tulishuka kwenye bonde lenye miti mikubwa, mchana kweupe, na ndani yake mlikuwa na giza la jioni. Jabali limesimama kama mita kadhaa, lina unyevu, lina utelezi wa kijani. Saintpaulia zilikuwa zimejishika ubavuni, kwenye nyufa, mizizi yake mifupi imeingia kwenye majani yaliyooza ambayo hayajazi hata kiganja. Maua ya samawati iliyofifia, na yale mawili ya njano katikati yanayobeba chavua. Hakuna hata mmoja uliokuwa umeota juu ya jiwe la wazi. Nilipanda hadi kileleni mwa jabali lile lile, pale jua linapofika, nikakuta nyasi kavu na mijusi tu.

Zingatia mambo matatu pale. Jabali ni baridi kwa sababu limefunikwa na miti. Matumbawe yako ya Mtwapa yanakunywa jua mchana kutwa na usiku bado yana joto, na mizizi imelala juu yake. Pili, mmea uko ubavuni, si juu, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanateleza na kuondoka, hayatuami kwenye kitovu cha mche. Ukiupanda umelala bapa juu ya jiwe, kitovu kinageuka kikombe cha maji na kuoza. Tatu, hewa ya bonde lile ina unyevunyevu wakati wote. Jiwe lenyewe ni mahali pa kushika tu. Ukikata miti ile, jabali libaki kama lilivyo bila kuguswa, saintpaulia zitakwisha zote. Ndiyo maana naomba kila anayesoma hapa ashike hili kuliko lingine lolote: tafuta kivuli kwanza, jiwe ni baadaye, na hata usipokuwa na jiwe kabisa mmea utaishi. Mimi sasa yangu iko kwenye vyungu vya udongo barazani, upande wa mashariki, nyuma ya mti wa mwarobaini, na inachanua.

Kuna mwanachama hapo juu amekujibu kwamba "vayoleti zote zinapenda jua la asubuhi hadi saa sita". Naomba aifute hiyo post. Kwanza hii si vayoleti. Vayoleti za Ulaya ni ukoo mwingine kabisa. Hii ni ya ukoo wa Gesneriaceae. Kilichowachanganya watu ni jina la ndugu yake wa Tanga, Saintpaulia ionantha, ambalo maana yake kwa Kigiriki ni yenye maua kama vayoleti. Kufanana kwa ua, basi. Na hilo "Saintpaulia" ni jina la ukoo wa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga. Aliukuta mmea Usambara akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akautangaza kwa jina hilo mwaka 1893. Hata wao hawakuwa wa kwanza. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alishapeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuata W. E. Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya methali zetu, na yake ilitoka huku huku upande wa Giriama na Shimba. Wataita nao wana yao, teitensis, ya msitu wa Mbololo. Na ukikutana na kibandiko kimeandikwa Streptocarpus usidhani umepewa kitu kingine: tangu mwaka 2015 wataalamu wameziingiza zote katika jenasi hiyo, yaani kundi hilo kubwa la mimea ya jamii moja, kwa hiyo rupicola sasa ni aina ndogo chini ya Streptocarpus ionanthus. Sehemu ya jina inayotuhusu sisi wapandaji, ile ya jabali, imebaki.

Lakini kuna jambo linaniuma kuliko hela zangu za lori. Umeandika kwamba mche wako "ulikuja na kipande cha jiwe kimeshikana na mizizi". Ndugu yangu, mche wa kitaluni hauji na jiwe. Huo umebanduliwa. Kuna mtu ameingia msituni na panga akaukwangua jabalini, na majabali yenyewe yamebaki machache, maana chokaa ya Kilifi inachimbwa kwa ajili ya saruji na miti ya pembeni inakatwa kwa makaa. Mmea huu hauna kwao kwingine duniani. Tukinunua miche ya kubanduliwa, sisi ndio tunaolipa panga. Na hakuna haja hata kidogo, kwa sababu jani moja linatosha. Chukua jani lililokomaa lisilozeeka, libaki na kikonyo cha kama sentimita tatu, ulichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ulowe kidogo, ufunike na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uweke kivulini. Baada ya wiki kadhaa vimche vitachipuka shinani mwa kikonyo, zaidi ya kimoja. Muuzaji anayejua kazi yake anafanya hivyo, na miche yake inakuwa na mizizi safi kwenye udongo laini.

Sasa huo ulio nao, usiutupe. Utoe kwenye jua leo leo, usisubiri wikendi. Uache hilo jiwe lake, usijaribu kulibandua, utakata mizizi. Uweke kwenye chungu chenye matundu chini, uuinamishe kidogo kama ulivyokuwa jabalini, na maji yapitie chini: weka chungu kwenye sahani ya maji nusu saa kisha mwaga yaliyobaki. Majani usiyamwagie, hasa maji ya baridi kutoka kwenye friji au mtungi wakati jani lina joto, yanaacha madoa ambayo hayatoki. Kisha kata majani mawili ya nje, yale mazima, uyachomeke kama nilivyoeleza, ili hata mama akifa uwe na watoto.

Na ukipita tena kwa huyo muuzaji, muulize mbele ya wateja wengine miche yake ameitoa wapi. Uje utuandikie hapa amejibu nini.