Mwanangu, Wimbo Hauagi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikauweka, nikaurudia usiku baba yako alipolala. Umeuliza jambo moja tu: huu wimbo wa "Now and Then" ambao Beatles waliutoa Novemba 2023, ukatangazwa kuwa ndio wa mwisho wao, ni wa mwisho kweli, au siku moja itafukuliwa kanda nyingine watu waanze kulia upya? Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeona haya, ukasema ulipousikia mara ya kwanza ulilia, na hujui kwa nini, maana Lennon, mwenye sauti ile, aliuawa mwaka 1980, wewe hata hujafikiriwa.

La kwanza halina urefu. Bendi za roki huaga na kurudi. The Who walizunguka kuaga mwaka 1982, na mwaka 2025 walikuwa jukwaani wakiaga tena. Pink Floyd walitoa albamu mwaka 2014 wakasema hapo ndipo mwisho, na mwaka 2022 wakatoa wimbo kwa ajili ya Ukraine. Kwa hiyo neno la kuaga peke yake silitegemei sana. Ila Beatles wamebaki wawili, na wimbo ulipotoka McCartney alikuwa na miaka 81, Ringo 83. Naamini ni wa mwisho. Basi, hilo tumelimaliza.

Ninalotaka kukuandikia ni hayo machozi, kwa sababu umeyataja kama kosa ulilolifanya.

Imani yangu unaijua, nimeirudia mezani mpaka mmeichoka: wimbo hauagi. Anayeaga ni anayeusikiliza. Chukua huo huo "Now and Then". Miaka ya sabini inakaribia kwisha, Lennon yuko nyumbani kwake New York, amekaa kwenye piano, amebonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kaseti ya kawaida. Hakuwa na studio, wala mhandisi wa sauti. Alikuwa anatafuta wimbo, na sehemu nyingine hata maneno hayajakaa sawa. Kumbuka alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Huyo anamuaga nani? Mjane wake, Yoko Ono, akaja kumpa McCartney kanda hizo mwaka 1994. Wale watatu waliobaki wakamalizia nyimbo mbili nyingine, lakini huu wakaushindwa, kwa sababu sauti na piano vilikuwa vimeshikana na nyuma yake kuna mvumo wa umeme. Ukakaa. Harrison, mpiga gitaa wao, naye akafariki mwaka 2001. Ndipo ikaja kompyuta iliyofundishwa kutenganisha sauti, ile aliyoitumia Peter Jackson kwenye filamu yake ya mwaka 2021 kuhusu Beatles, ikamtoa Lennon kwenye piano yake, safi, kama yuko chumbani.

Nilisikia watu wengi walikasirika McCartney alipotaja akili mnemba, wakadhani sauti ya marehemu imetengenezwa. Haikutengenezwa. Ni yeye. Kilichoondolewa ni kilichokuwa kimemfunika. Gitaa la Harrison pia ni lake mwenyewe, alilipiga mwaka 1995. McCartney akaongeza besi na ile gitaa inayoteleza katikati, akiipiga kwa mtindo wa Harrison, kumkumbuka. Ringo akapiga dramu. Wimbo ukashika namba moja Uingereza, miaka 54 tangu walipoishika mara ya mwisho kabla ya hapo, mwaka 1969.

Sasa najua utanijibu nini, maana hubishi kama mtu mwingine wa ukoo huu isipokuwa mjomba wako. Utasema: Mama, Lennon hakuaga, lakini McCartney je? Si ameuchukua akaupamba makusudi uwe wa kuaga? Hata video yake inaishia wale wanne wa zamani wakiinama mbele ya watazamaji, kisha wanatoweka. Kweli. Hapo unanibana kidogo. Lakini kabla sijajibu acha nikueleze habari ya mjomba wako na kanda, kwa sababu nadhani hukuwahi kuisikia yote. Mimi mwenyewe huwa naishia katikati.

Unaikumbuka redio-kaseti yenye deki mbili iliyokuwa stoo kwa babu, yenye mlango mmoja uliovunjika. Mwaka 1991 ilikuwa nzima na ilikuwa mali ya mjomba wako, hakuna aliyeigusa. Mwaka ule, mwezi wa pili, bendi ya Queen walitoa albamu ya "Innuendo". Rafiki yake akamwazima kanda, naye hakuwa na kanda tupu, akachukua ya harusi ya shangazi yako mkubwa akarekodi juu yake bila kumuuliza mtu. Ulipofika wimbo wa mwisho wa albamu, "The Show Must Go On", yule rafiki akaja mlangoni anataka kanda yake, ana haraka. Mjomba wako akazima. Kwa hiyo kwenye kanda yetu wimbo ule haukuwahi kufika mwisho: Freddie Mercury, mwimbaji wao, yuko juu kabisa kwenye sauti, gitaa la Brian May liko nyuma yake, ghafla tak, vigelegele vya harusi vinalipuka na mwanamke mmoja anapiga kelele kuita watoto watoke mbele. Tulicheka kila mara. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule popote, ukikaribia mwisho masikio yangu yanangoja vigelegele.

Mjomba wako hakucheka. Alikuwa anainua mkono tunyamaze, anasema, "Huyu mtu anaaga." Wenzetu wakimbishia: anayeaga atakuwa na pumzi hiyo? Hatukujua wakati ule kwamba wimbo ule kwa sehemu kubwa uliandikwa na May, na kwamba May mwenyewe alihofia Mercury hataweza kuufikia, hali ilivyokuwa. Mercury akanywa vodka yake, akasema ataimba, akaimba. Haya nimeyasoma baadaye. Wakati ule tulikuwa na kanda tu, na mjomba wako, ambaye alimpenda zaidi kwa kuwa ni mzaliwa wa Unguja, akisema sikilizeni anavyovuta pumzi.

Mercury alitangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba. Kesho yake jioni akafariki, nyumbani kwake London, ana miaka 45.

Sisi tulisikia kwenye redio. Mjomba wako hakusema kitu. Aliweka kanda, akaisogeza mpaka mwisho, akakaa chini, mgongo ukutani, mimi nikakaa karibu naye. Nililia. Yeye hakulia, aliuma kidole gumba. Wimbo haujafika penye vigelegele, babu yako akaingia, akabonyeza kitufe, akasema: "Katika nyumba hii hatumlilii mtu tusiyemjua. Tena wa ugonjwa huo."

Mwanangu, miaka imepita mingi na bado naisikia sauti ya kile kitufe. Unajua mjomba wako alivyokuwa tayari amekonda mwaka ule. Unajua yaliyofuata, sina haja ya kuyarudia. Sote tulikuwa tunaona na hakuna aliyekuwa anasema, na neno la kwanza kusemwa kwa sauti ndani ya nyumba ile lilikuwa "ugonjwa huo", na lilisemwa mbele yake. Alisimama, akaitoa kanda, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Wimbo ule hatukuusikiliza tena pamoja.

Babu yako hakuwa mkatili. Wewe alikubeba mpaka ukawa mzito wa kubebwa. Nimejiambia mara nyingi kwamba alikuwa mzazi aliyeogopa, kwamba alizima kanda kwa sababu ingeendelea angelia yeye. Siku nyingine naliamini hilo. Siku nyingine nasema hapana, alijua anachosema na alijua nani amekaa pale chini. Sijapata kukata shauri, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Ndiyo maana mtu akiniambia machozi ya mashabiki ni ya kujifanya, eti wanamlilia mtu ambaye hakuwajua, simsikilizi. Mjomba wako hakuwa na mahali pengine pa kusikia mtu mgonjwa akiimba kwa nguvu zote. Hakuambiwa kwaheri na mtu wa London. Aliazima kanda.

Hapa ndipo imani yangu inapopata tabu, na sitaki kukuficha. Kwa sababu Mercury alijua. Ile video ya "These Are the Days of Our Lives" waliipiga mwishoni mwa Mei 1991, wakaifanya ya rangi nyeusi na nyeupe ili asionekane amechoka kiasi gani, na mwisho wake anatazama kamera kama mtu anayemtazama mtu. Huyo anaaga, hakuna ubishi. Basi wimbo unaaga? Nimelizungusha hili kichwani, na bado narudi palepale. Kanda yetu ya mwezi wa pili na kanda yetu ya Novemba ilikuwa ni ileile, hakuna noti iliyobadilika, hata vigelegele vilikuwa mahali pake. Mwezi wa pili watu wote chumbani walisikia mwanamume mwenye mapafu, isipokuwa mmoja. Novemba tukasikia alichokuwa anakisikia yeye. Wimbo hauagi, mwanangu. Anayeaga ni anayeusikiliza, na mjomba wako alianza mapema kwa sababu alikuwa na haja nao mapema.

Nirudi kwa McCartney, maana naona umenisubiri. Mwaka 1995 Queen walitoa albamu ya nyimbo alizoziacha Mercury. Ndani yake kuna "Mother Love", aliyoirekodi Montreux, Uswisi, Mei 1991, ubeti mmoja mmoja, akibakiza mmoja. Akasema amechoka, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Ubeti wa mwisho anauimba May. Nilipousikia mara ya kwanza ulikuwa mgongoni kwangu, umelala, na ilipobadilika ile sauti nilisimama katikati ya chumba. May hakujaribu kufanana naye. Aliimba kwa sauti yake, nyembamba zaidi, na pale walipopokezana panasikika wazi. Mtu hayupo, na wanakuambia hayupo. Nilimpenda May kwa hilo, na bado nampenda.

Kwenye "Now and Then" naitafuta pale mahali na siioni. Mashine imesafisha vizuri mno. Wote wanne wako chumba kimoja, na hawakuwahi kuwa chumba kimoja na wimbo huo hata siku moja. Mara ya mwisho wanne wale kuwa studio pamoja ilikuwa Agosti 1969. Mwaka uliofuata McCartney alipojiondoa, dunia ilisoma habari hiyo kwenye karatasi ya maswali na majibu iliyoambatana na albamu yake mwenyewe. Fikiria mashabiki wale, hawakupewa hata wimbo wa kulilia. Pengine ndiyo sababu McCartney akaubeba huu miaka yote hiyo. Ningekuwa mimi, na kaka yangu ameniachia kanda iliyojaa mvumo, nisingetafuta mashine duniani kote? Ningeitafuta. Ile kanda ya mjomba wako ningeipata leo ningempa mtu yeyote anayejua kuisafisha, ingawa sijui ningemwambia avifanyeje vigelegele.

Lakini Harrison. McCartney mwenyewe amesema Harrison hakuupenda wimbo huu, na ndiyo sababu mojawapo uliachwa mwaka 1995. Mjane wake, Olivia, amesema kwamba angekuwepo leo angejiunga na wenzake kwa moyo wote, kwa sababu kilichomkwaza ni ubaya wa kanda. Yeye ndiye aliyeishi naye, mimi ni nani. Hata hivyo mtu alisema hapana akiwa hai, na ndiyo ikasemwa akiwa hayupo. Hilo haliniishi. Nikisikiliza bila kufikiri nafurahi, nafurahi kweli, sauti ya Lennon inaponyanyuka peke yake pale mwanzo nywele zinanisimama. Nikianza kufikiri namwona Harrison anaweka gitaa chini anaondoka. Hukumu ninayo, iko ulimini, na baba yako anaijua kwa sababu nilimsemesha usiku kucha. Wewe sikupi. Umelia kwa wimbo huu na bado hujajua kwa nini, na nikikutajia yangu sasa utaanza kuusikiliza kwa masikio yangu.

Niandikie kwanza wewe. Nataka kujua ni wapi hasa ulipolia, pale Lennon anapoanza na piano, au baadaye, gitaa ile inayoteleza inapoingia. Na ulikuwa unamfikiria nani. Usiniambie hakuna mtu.

Mama yako