Simu isiyo na waya kutoka Marekani: tuitumie?

Swali: Dada yangu anayeishi Marekani ametuletea simu ya mezani isiyo na waya, imeandikwa DECT 6.0. Tunataka kuiunga kwenye laini ya zahanati yetu hapa Moshi. Je, mtu wa nje anaweza kunasa mazungumzo yetu na wagonjwa? Na itasumbua Wi-Fi?

Jibu: Ndugu muuguzi, Wi-Fi haitasumbuka, maana yenyewe iko gigahezi 2.4 au 5, mbali na masafa ya simu hiyo. Hata hivyo nakuomba usiichomeke.

Mkonga unaoshika mkononi na kitako chake, kile kinachoungwa kwenye laini, huzungumza kwa redio. DECT ni mfumo wa simu za mezani zisizo na waya. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia megahezi 1880 hadi 1900. Marekani waliipa 1920 hadi 1930, wakaiita DECT 6.0. Kwetu, masafa hayo ya pili yana mwenyewe: simu za mkononi za 3G hutuma sauti na data kwenda mnarani kati ya 1920 na 1980. Mnara umetegwa kusikia simu dhaifu iliyo mbali. Kitako chenu kikiwa karibu na mnara kinaufunika, usiisikie simu hiyo. Tena kitako hakinyamazi, hutuma mawimbi hata mkonga ukiwa umelala mahali pake. Atakayeumia ni jirani anayepiga simu na haipiti, na hatajua kwa nini.

Geuza pia adapta usome kibandiko. Ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza siku hiyo hiyo.

Kuhusu siri za wagonjwa, una haki ya kuhofu. Zile simu za zamani za analojia, za megahezi 46 na 49, yeyote mwenye redio ya kusaka masafa alizisikiliza bila taabu. DECT ina usimbaji, yaani kuyaficha mazungumzo kwa msimbo, ila si kila mtengenezaji aliuwasha: mwishoni mwa 2008, mjini Berlin, watafiti walionyesha jinsi ya kunasa mazungumzo kwa kadi ya kompyuta ya bei ndogo. Na mawimbi huvuka ukuta, nje hufika hata mita 300.

Mkitaka isiyo na waya, nunueni ya 1880–1900 iliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iwe ya mapokezi. Chumba cha daktari, panapotajwa majibu ya vipimo, wekeni simu ya waya.