Duara langu linatoka kama yai, shida iko wapi?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni fundi wa fanicha hapa Kibuye, Kisumu. Nimejiundia mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga milango na vichwa vya vitanda, bodi ni Arduino Uno yenye GRBL, ile programu ya kuendesha mota, inaendeshwa na mikanda ya meno ya GT2 na draiva za mota nimeziweka mikrostepi 16, yaani kila hatua ya mota inagawanywa mara 16. Setingi zote nilitumiwa na rafiki yangu wa Nakuru ambaye mashine yake inafanya poa kabisa, nikaziingiza vile zilikuwa. Sasa nikichonga duara la milimita 200, kwa X linatoka 200 sawasawa lakini kwa Y linatoka 160, yaani ni yai, na nikirudia hata mara kumi ni 160 tu. Nimekaza skrubu zote, nimebadilisha draiva, nimebadilisha mpaka laptopi. Jamaa mmoja ananiambia bodi imeungua ninunue ingine. Ninunue? (Fundi wa Kibuye)

JIBU: Usinunue ndugu yangu, weka hiyo pesa kwanza. Bodi iliyoungua haiwezi kukosea vizuri hivyo. Wewe mwenyewe umenipa jibu ulipoandika kwamba inatoka 160 kila mara, kwa sababu ingekuwa ni puli, lile gurudumu la meno linalovuta mkanda, imelegea au mota inaruka hatua, leo ungepata 160, kesho 171, kesho kutwa 183. Na ingekuwa ni jampa, vile vipini vidogo vya kuchagua mikrostepi, umeziweka vibaya, ungepata nusu au mara mbili, yaani 100 au 400, maana jampa hizo zinapanda kwa kuzidisha mbili. 160 kwa 200 ni 0.8. Hiyo si nusu wala maradufu, hiyo ni hesabu ya meno.

Hebu tufanye pamoja. Stepa mota ya kawaida inapiga hatua 200 kumaliza mzunguko mmoja, ukiweka mikrostepi 16 zinakuwa 3,200. Mkanda wa GT2 meno yake yako umbali wa milimita 2, kwa hiyo puli ya meno 20 ikizunguka mara moja inavuta mkanda milimita 40. Gawanya 3,200 kwa 40 unapata 80, na hiyo 80 ndio hatua kwa milimita, naamini ndio iko kwa faili ya rafiki yako upande wa X na wa Y pia. Sasa shuka chini ya mashine na tochi uhesabu meno ya puli ya Y. Utapata 16. Puli ya meno 16 inavuta milimita 32 tu kwa mzunguko, kwa hiyo hiyo 80 ni ya uongo kwa mashine yako, inayofaa ni 3,200 gawanya kwa 32, yaani 100. Mara nyingi inatokea hivi, dukani wamebaki na puli moja ya size uliyotaka, unachukua ya pili inayofanana nayo na unasahau.

Fungua programu unayotumia kutuma kazi, andika $$ ubonyeze enta, utaona orodha yote. $100 ni hatua za X, $101 ni za Y, $102 ni za Z, ya kupanda na kushuka. Andika $101=100, enta, basi. Inabaki kwa kumbukumbu ya bodi hata ukizima.

Halafu usiamini hesabu peke yake, pima. Mwambie Y iende milimita 500 kama nafasi iko, uweke alama kwa penseli mwanzo na mwisho. Watu wanapenda kupima kwa milimita 10 na hapo ndio wanapotea, kwa sababu jicho likikosea nusu milimita kwa 10 hiyo ni asilimia 5, lakini nusu hiyo hiyo kwa 500 ni asilimia 0.1 tu. Ukipata tofauti kidogo, chukua namba iliyoko, zidisha kwa umbali uliomwagiza, gawanya kwa umbali alioenda kweli.

Na hizo setingi zingine za rafiki pia ziangalie tena moja moja. $111 ni mwendo wa juu kabisa wa Y na $121 ni vile inaongeza kasi. Kama daraja lako la Y ni la chuma na lake ni la alumini, hiyo kasi yake itakushinda, mota italia na kuruka hatua na utafikiri tena ni bodi. Anza chini, panda kidogo kidogo mpaka isikike imechoka, halafu urudi nyuma kiasi. Faili ya mwenzako ni vipimo vya mashine ya mwenzako.

SWALI: Mwalimu salamu kutoka Nakuru. Nachonga mabango ya maduka, bango moja linaweza kuchukua masaa matatu. Stima ikipotea katikati laptopi inaendelea kwa sababu ina betri, na stima ikirudi mashine inaanza kutembea yenyewe lakini mahali si pale, juzi imevunja biti na kuharibu bango la mteja. Na kwa skrini namba zinaonyesha iko sawa kabisa! Nifanye nini? (Mama Mabango)

JIBU: Pole sana dada, mimi pia ubao wa mvule ulishaniharibikia namna hiyo hiyo na uchungu wake naujua. Kinachotokea ni hivi: Arduino inakula stima ya laptopi kupitia kebo ya USB, kwa hiyo yenyewe haikuzimika. Mota ndio zimezimika. Bodi inaendelea kutuma hatua na kuhesabu, na mota hazina njia ya kuiambia hatujasonga, kwa hiyo namba za skrini ni za pale mashine ingekuwa, sio pale iko. Stima ikirudi inaendelea kutoka hapo ilipokwama, na biti iko ndani ya mbao.

Kitu cha kwanza hata kabla ya kuokoa kazi ni usalama wako, weka kontakta, ile swichi kubwa ya umeme, yenye kitufe cha kuwashia, stima ikirudi isiwake mpaka mtu abonyeze. Cha pili weka limiti swichi, yaani swichi inayoguswa mashine ikifika mwisho, kwa kila mhimili, kisha $22=1, ndio ukiandika $H mashine iende yenyewe kwa kona yake ijue iko wapi. Uzuri wa GRBL ni kwamba ile sifuri ya kazi, yaani mahali kazi inaanzia kuhesabiwa, uliyoweka kwa amri ya G54 inahifadhiwa kwa bodi. Kwa hiyo stima ikipotea, simamisha kazi kwa laptopi. Ikirudi inua Z kwa mkono itoke ndani ya mbao, ndio uwashe, andika $H, na sifuri yako itarudi palepale ilipokuwa. Halafu anza mistari michache nyuma ya pale ilipoachia, lakini hakikisha spindo, ile mota inayozungusha biti, imewashwa na kasi ya mwendo imetajwa, kwa sababu hayo yaliandikwa juu kabisa ya faili na ukiruka mistari umeyaruka.

SWALI: Nasoma ufundi Kakamega. Nataka kuongeza mhimili wa nne nichonge miguu ya meza ya duara. Kwa shield, ile bodi ya draiva inayochomekwa juu ya Arduino, kuna nafasi imeandikwa A, nichomeke tu mota hapo?

JIBU: Hapana mdogo wangu, hiyo A inaiga tu X, Y au Z, na GRBL ya kawaida kwa Uno ni mihimili mitatu. Nenda FluidNC, programu inayofanya kazi kama GRBL, kwa bodi ya ESP32, setingi zake ni faili moja ya maandishi na inafika mihimili sita. Au LinuxCNC, programu inayoendesha mashine moja kwa moja kutoka kwa kompyuta, ambayo mizizi yake ni mradi wa NIST, taasisi ya viwango kule Marekani, inafika tisa na ina StepConf ya kukuongoza kuiseti hatua kwa hatua. Kwa hiyo LinuxCNC tafuta desktopi ya zamani yenye ile poti ya printa, laptopi nyingi zinachelewachelewa na mota zinasikia, fanya kwanza jaribio la latensi, yaani la kupima huko kuchelewa, linalokuja na LinuxCNC. Na kumbuka mhimili wa kuzunguka hauhesabiwi kwa milimita, ni kwa digrii: zile hatua 3,200 za mzunguko mmoja gawanya kwa 360 ni 8.889, na kama umeweka gia ya 6 kwa 1, zidisha kwa 6 upate 53.333.