Mkabidhi mama mtoto wake: kwa mnaoanza kazi na watoto wachanga wenye dalili za usonji (autism)

Wewe unayeanza kazi hii, siku ya kwanza utatamani kumpakata mtoto mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi mingi. Nilimpokea mtoto wa miezi kumi mkononi mwa mama yake, nikamchezesha kwa dakika arobaini, kisha nikamrudisha na kusema, "Tuonane Alhamisi ijayo." Mtoto akazoea kunichekea mimi. Nyumbani mambo yalibaki vilevile. Wiki ina saa 168, na mimi sikupata hata moja kamili.

Mwanafunzi wa kazi hii ni mzazi. Mwaka 2014 Sally Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya watoto saba wa miezi 7 hadi 15 waliokuwa na dalili mapema mno: kukodolea kitu macho muda mrefu, kurudiarudia mwendo uleule, kutotafuta uso wa mtu. Wazazi walifundishwa saa moja kwa wiki, kwa wiki 12, namna ya kuzifanya shughuli za kila siku kuwa mchezo wa watu wawili. Kufikia miaka mitatu, sita kati ya saba walikuwa wamewafikia wenzao katika kujifunza na lugha. Lakini watoto saba ni wachache, tena hawakugawanywa makundi kwa kura ili walinganishwe, kwa hiyo usimwahidi mama yeyote kwa kutumia hesabu hiyo. Utafiti wenye uzito zaidi ni wa Australia wa mwaka 2021, wa Andrew Whitehouse na wenzake. Huko wazazi walioneshwa video zao wenyewe wakiwa na watoto wao, vipindi kumi ndani ya miezi mitano. Walipopimwa wakiwa na miaka mitatu, watoto 3 kati ya 45 wa kundi hilo walifikia vigezo vya usonji. Wa kundi lililopata huduma za kawaida tu walikuwa 9 kati ya 44.

Sasa, kazi yenyewe inafanana na nini? Mama mmoja alikuja na mwanawe aliyekuwa akitazama pangaboi tu. Akamwita jina mara sita mfululizo, akapiga makofi, akatikisa funguo. Mtoto hata hakugeuka. Tukazima pangaboi. Nikamwomba mama alale kifudifudi kwenye mkeka, uso wake ulingane na wa mtoto, kisha ajifunike kanga na kujifunua. Mara tatu. Mara ya nne nikamnong'oneza: kaa humohumo, usijifunue. Kukawa kimya. Nilikuwa nikihesabu moyoni, nimefika saba, mguu wa mtoto ulipopiga mkeka, mara moja tu. Mama akajifunua papo hapo. Safari iliyofuata mguu ulipiga upesi zaidi, na baada ya safari kadhaa mkono ukaivuta kanga, macho yakamtua mama usoni.

Ule mguu ulikuwa unaomba. Kama mama angeendelea kuita na kupiga makofi, asingeuona. Kumfundisha mzazi anayempenda mwanawe kunyamaza na kungoja ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana hofu humfanya mtu aongeze kelele. Rudia somo hilo wakati wa kuogesha, kuvalisha, kulisha uji: kijiko kisimame kidogo hewani mpaka mtoto atoe ishara yoyote.

Kabla ya yote hayo, mtoto asiyeitika jina lake apelekwe kupimwa masikio. Usiruke hatua hii hata kama una hakika na unachokiona.

Na chunga ulimi. Mtoto wa miezi kumi usimwambie mama yake kwamba ana usonji. Sema ulichoona: "Ananitazama kwa muda mfupi, tumsaidie arefushe." Mwenye kaka au dada aliyethibitishwa kuwa na usonji yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi, takribani mmoja kati ya watano, kwa hiyo familia hizo zikaribishe mapema bila kungoja dalili. Wengi watakuja wameshalaumiwa nyumbani. Mwambie mama waziwazi, na baba yake mtoto akisikia, kwamba malezi yake hayakuleta hali hii.

Bibi atakwambia, "Hata baba yake alichelewa kusema." Usibishane naye. Mwamkie, mwandalie nafasi kwenye mkeka, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Yule mama wa kanga alikuja na mkwewe juma la tatu. Sikueleza chochote, nilimwomba mama amwoneshe. Bibi akajifunika kanga yake, na kabla sijasema neno, mama akamshika mkono taratibu: "Bado, mama. Mngoje kwanza."