Chuo cha mwanangu kinataka kushuka daraja

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzazi mwenye asili ya Uvira, na kwa miaka kumi sasa familia yetu inaishi Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani. Mwanangu anasoma mwaka wa pili katika chuo kidogo cha binafsi kilicho mbali na hapa, ambako anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, na sehemu ya ada yake hulipwa na ufadhili wa michezo. Binti wa dada yangu, aliyekuja kutoka Kigoma kwa viza ya mwanafunzi, anakimbia mbio ndefu katika chuo hicho hicho, na ada yake yote hutokana na mbio hizo. Mwezi uliopita uongozi uliwaambia wazazi kwamba unafikiria kuhamisha michezo yote ya chuo kutoka Daraja la Kwanza kwenda la Tatu, kwa kuwa timu ya futiboli inakula fedha nyingi. Mwanangu anaona ni aibu. Je, ni sawa vyuo vidogo kushuka daraja, na sisi wazazi tufanye nini?

Mzazi, Boise

JIBU

Ndugu yangu mzazi,

Nadhani neno lenyewe, kushuka daraja, ndilo linalomuumiza mwanao, kwa hiyo nitaanza nalo. Sisi tuliokulia kwenye kandanda tunajua kwamba timu hushuka kwa sababu imefungwa mno na msimamo wa ligi umeihukumu. Katika michezo ya vyuo vya Marekani hakuna timu inayoshushwa kwa kufungwa. Chama kinachoisimamia, NCAA, kina madaraja matatu, yanayotofautiana kwa idadi ya michezo ambayo chuo kinapaswa kuendesha na kwa ufadhili kinaoruhusiwa kutoa, na chuo chenyewe ndicho kinachochagua daraja linalolingana na uwezo wake. Ndiyo maana chuo kikuu cha Saint Francis cha Pennsylvania kiliweza kutangaza mwezi Machi 2025 kwamba kinakwenda Daraja la Tatu, siku chache tu baada ya timu yake ya kikapu ya wanaume kucheza katika mashindano ya taifa. Hapo hakuna aibu ya kushindwa. Kuna watu waliokaa na daftari la mapato na matumizi wakalisoma mpaka mwisho.

Hata hivyo, ziko namna mbili za kushuka, na watu wengi huzichanganya. Daraja la Kwanza, kwa upande wa futiboli peke yake, limegawanyika tangu mwaka 1978 katika matabaka mawili, ambayo leo huitwa FBS, la juu, na FCS, la chini yake. Chuo kikitoka FBS kwenda FCS, timu ya futiboli pekee ndiyo inayohama, na wakimbiaji na wachezaji wa kikapu hubaki walipokuwa. Jimbo lenu lina mfano ulio wazi kabisa. Chuo Kikuu cha Idaho, kilichoko mji wa Moscow, kilikuwa kikicheza futiboli katika ligi ambayo wapinzani wake wengi walikuwa katika majimbo kama Georgia, Alabama na Louisiana, yaani karibu kila safari ilikuwa ya kuvuka sehemu kubwa ya nchi, hadi ligi hiyo ilipokataa kuendelea nacho. Aprili 2016 mkuu wa chuo, Chuck Staben, alitangaza kwamba watarudi kwa majirani zao wa zamani katika ligi ya Big Sky. Mwambie mwanao kwamba timu hiyo, ikijua fika kuwa inaondoka, ilishinda mechi 9 mwaka huo na kumaliza msimu kwa kuifunga Colorado State 61 kwa 50, hapo hapo Boise mnapoishi. Ilianza kucheza FCS mwaka 2018, ikapitia miaka michache migumu, kisha ikafika robo fainali ya taifa mwaka 2023 na tena 2024.

Namna ya pili ndiyo iliyowafika ninyi, nayo ni nzito zaidi, kwa sababu tangu mwaka 1993 chuo cha Daraja la Kwanza hakiruhusiwi kuiweka timu yake ya futiboli peke yake katika daraja la chini. Kikitaka kushuka, kinashuka na michezo yote. Hivyo binti wa dada yako anabebeshwa mzigo wa gharama ambazo hakuzisababisha, na hilo uongozi ungepaswa kulisema waziwazi mbele ya wazazi.

Je, ni sawa? Kwa chuo kidogo cha binafsi, mimi naamini mara nyingi ni sawa, na sababu yangu ni hii. Katika Daraja la Kwanza, kila mchezaji mwenye ufadhili ni gharama kwa chuo, na timu ya futiboli ina wachezaji wapatao mia. Vyuo vikubwa hufidia gharama hiyo kwa fedha za televisheni, lakini vidogo huifidia kwa ada za wanafunzi wengine, ambao pengine hawajawahi kukanyaga uwanjani. Tangu mahakama ilipoidhinisha, Juni 2025, makubaliano yanayoruhusu chuo kimoja kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake katika mwaka wa kwanza, umbali kati ya wakubwa na wadogo umekuwa mkubwa kiasi kwamba sioni chuo kidogo kitauzibaje. Katika Daraja la Tatu hakuna ufadhili wa michezo hata kidogo, na hesabu inageuka: wale vijana mia wanaopenda kucheza ni wanafunzi mia wanaochangia ada.

Lakini kushuka hakuponyi ugonjwa wa kila chuo. Birmingham-Southern, huko Alabama, kiliamua mwaka 2006 kutoka Daraja la Kwanza kwenda la Tatu, na bado kilifungwa kabisa Mei 2024, huku timu yake ya besiboli ikiwa katika fainali za taifa za daraja hilo. Kwa hiyo waulizeni viongozi kiasi gani hasa kitaokolewa na kitakwenda wapi. Wakikosa jibu la tarakimu, msiukubali mpango huo.

Kuhusu watoto wenyewe, hali zao hazifanani. Uhamisho wa namna hii huchukua miaka kadhaa. Chuo kikuu cha Hartford, kilichoamua Mei 2021 kwenda Daraja la Tatu, hakikuumaliza kwa msimu mmoja wala miwili. Mwanao anaweza kuhitimu kabla haujakamilika, ila ufadhili wake unaweza kukatwa mapema zaidi, na ndiyo maana ahadi ya kuulipa hadi atakapohitimu lazima iandikwe na kutiwa saini. Ukikatwa, akiwa raia au mkazi wa kudumu wa Marekani anaweza kuomba msaada wa serikali ya shirikisho kulingana na kipato chenu. Akipenda kuhama, kanuni za sasa zinamruhusu kucheza bila kusubiri katika chuo kipya mradi maendeleo yake darasani ni mazuri.

Binti wa Kigoma hana mto huo wa kuegemea, kwa kuwa mwenye viza ya mwanafunzi hapati msaada wa shirikisho. Chuo cha Daraja la Tatu kinaweza kumpa ufadhili kwa alama zake za darasani, kamwe si kwa mbio zake. Basi yeye ndiye wa kuanza naye: wiki hii aiandikie ofisi ya ufadhili akiuliza alama zake zinamstahilisha kiasi gani, na aandae muda wake rasmi wa mita 5,000 na 10,000 kwa ajili ya makocha wengine. Asiondoke kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijahamisha kumbukumbu zake za viza, hata kama kocha mpya anamhimiza afike haraka.