Folda za flashi zimegeuka shotikati: anza na kompyuta, usifomati

Mkuu, unasema flashi imerudi kutoka stesheneri folda zote zimekuwa shotikati, umeifomati, ukiichomeka tena yale yale. Basi tatizo limeshahamia kwenye kompyuta. Flashi nyingine iliyopata tatizo hilo usiifomati, mafaili yamo humo. Tazama nafasi iliyotumika: kama ni GB kadhaa na shotikati zenyewe ni KB chache tu, vitu vimefichwa, havijafutwa.

Bofya kulia shotikati mojawapo bila kuifungua, ingia Properties, soma mstari wa Target. Mara nyingi utakuta cmd.exe, halafu faili la .vbs au .js (skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha), halafu jina la folda yako. Ukiifungua, kirusi kinaanza kazi na folda nayo inafunguka kama kawaida, ndiyo maana mtu hashtuki. Andika jina la hilo faili.

Chomoa flashi, zima intaneti. Task Manager, sehemu ya Details, simamisha wscript.exe. Usiifute: ni ya Windows yenyewe, kirusi kinaiendesha tu. Windows+R, andika shell:startup, futa faili uliloandika jina lake. Rudia %temp% na %appdata%. Kisha Windows+R tena, andika regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, ondoa mstari unaolitaja. Usiiruke Task Scheduler, programu ya ratiba ya Windows: futa ratiba inayolitaja faili hilo. Kirusi kinachorudi kila ukiwasha mashine mara nyingi kimejipangia ratiba humo. Washa intaneti, apdeti Defender (antivirusi ya Windows), chagua Offline scan. Huchukua kama dakika 15 na mashine inajizima na kujiwasha, kwa hiyo sevu kazi zako.

Sasa chomeka flashi, usibofye kitu. Fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Badala ya E weka herufi ya flashi yako, na kamwe isiwe C. Kuwasha "Hidden items" peke yake hakutoshi, kwa sababu folda zimewekewa pia alama ya mfumo, ile -s inayoiondoa. Ikitokea folda isiyo na jina, mafaili yako yako ndani yake; yahamishe, kisha futa .vbs au .js lililobaki.

Nywila za barua pepe na benki badilisha kwa simu, na mapema. Kirusi cha H-Worm, kinachojulikana tangu 2013, husambaa kwa mtindo huu huu na humpa mwenye kirusi mlango wa kuingia kwenye mashine yako akiwa mbali.